Kumtafuta Luteni Kanali Boone kwenye karatasi za ardhi

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na Bibi wa Masjala

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira, sasa tunakaa Lexington, Kentucky, mwaka wa sita huu. Mwanangu wa tatu yuko darasa la nane. Mwalimu amewapa kazi ya miezi miwili: chagua mtu mmoja wa siku za mwanzo za Kentucky, fuatilia maisha yake kwa nyaraka, si kwa hadithi. Amemchagua Daniel Boone, mwindaji aliyewakatia walowezi njia ya kuingia Kentucky, kwa kuwa jina hilo analiona kila anapopita. Sasa amekwama. Kitabu kimoja kinasema alizaliwa Oktoba 22, kingine Novemba 2. Huku anaitwa kapteni, huku meja, huku kanali, lakini tumepekua orodha za jeshi wiki nzima na hayumo. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Hata hivyo nataka nikiketi na mwanangu mezani niwe najua tunatafuta nini. Tuanzie wapi?
Mama wa wanne, Lexington

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wasomaji wangu wa zamani wanajua nilikaa masjala ya ardhi miaka 31, nikianza kwa kubeba majalada. Wasichojua wengi ni kwamba nilikwenda Louisville kumlea mjukuu, nikakaa miezi mitano, na kila mtoto alipolala mchana nilikuwa kwenye kompyuta ya mkwe wangu nikifungua picha za hati za ardhi za Kentucky. Kwa hiyo huyu Boone wako namfahamu kidogo, na namfahamu kwa upande wa karatasi.

Tarehe tuimalize haraka, maana zote mbili ni sahihi. Boone alizaliwa mwaka 1734 Pennsylvania, wakati makoloni ya Uingereza yakitumia kalenda ya zamani. Mwaka 1752 wakahamia kalenda mpya na kuruka siku 11: waliolala Septemba 2 waliamka Septemba 14. Oktoba 22 ya kalenda ya zamani ndiyo Novemba 2 ya kalenda mpya. Mwenyewe aliendelea kutumia ile ya Oktoba. Mwanao aandike zote mbili na aeleze sababu.

Cheo ndicho kilichowapoteza. Boone hakuwa askari wa jeshi la taifa, alikuwa mwanamgambo, na mgambo wa Virginia ulipangwa kwa kaunti. Karibu kila mwanamume huru alitakiwa aje na bunduki yake siku za gwaride, na maafisa walikuwa majirani zake: mwenye kinu, mpima ardhi, mwindaji. Kaunti ikigawanywa, na vyeo vinagawanywa. Kwa hiyo msitafute jina peke yake. Tafuteni jina, kaunti na mwaka kwa pamoja.

Mwaka 1774, kwenye vita vya Dunmore, gavana wa Virginia, dhidi ya Washawnee, wenyeji wa bonde la Mto Ohio, Boone alikuwa chini ya kaunti ya Fincastle, na huko ndiko alikopata ukapteni. Mwisho wa mwaka 1776 Kentucky yote ikafanywa kaunti moja ya Virginia. Umeja aliupata mwaka 1778, kwa njia nitakayoieleza. Novemba 1780 kaunti ya Kentucky ikakatwa vipande vitatu, Jefferson, Lincoln na Fayette, na Boone akawa luteni kanali wa Fayette chini ya Kanali John Todd. Fayette ndiyo hiyo mnayokaa ninyi. Mkimtafuta Fayette kabla ya 1780 hamtampata, si kwa sababu hakuwepo, bali kwa sababu kaunti yenyewe haikuwepo.

Na jina lijaribuni kwa tahajia zote: Boone, Boon, hata Bone. Mwenyewe aliweka e mwishoni alipotia sahihi, ila makarani waliandika walivyosikia. Nami sikumlaumu karani hata mmoja, maana najua jina la mtu linavyobadilika kati ya dirisha na daftari.

Sasa ule umeja. Mwanzoni mwa 1778 Boone alitoka ngome ya Boonesborough na wanaume wapatao 30 kwenda chemchemi za Blue Licks kuchemsha chumvi. Februari 7 Washawnee walimkamata akiwa peke yake mawindoni, na kesho yake akawashawishi wenzake wajisalimishe bila kupigana. Hoja yake ilikuwa kwamba ngome haikuwa tayari, na wakipigana pale chumvini wangekufa wao kisha wanawake na watoto wangevamiwa. Chifu Blackfish akamfanya mwanawe na kumwita Sheltowee, yaani Kobe Mkubwa. Juni 16 akatoroka, akakata kama kilomita 257 kwa siku nne, akafika kuwaonya watu wa ngome. Mzingiro ulikuja Septemba 7 ukadumu mpaka Septemba 18, na ngome haikuanguka. Baada ya hapo maafisa wenzake, Richard Callaway na Benjamin Logan, wakamshitaki mbele ya mahakama ya kijeshi: umewatoa watu wetu kwa adui. Akaachiwa, tena akapandishwa cheo. Kesi hiyo tunaijua hasa kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa huko, Daniel Trabue, aliiandika alipozeeka. Mwanao aiweke alama hiyo: kupandishwa cheo tunakujua kupitia kumbukumbu ya mzee, miaka mingi baadaye.

Haya, tufike kwenye mambo yangu. Mwanangu, ukitaka kumjua mlowezi wa Kentucky, nenda kwenye ardhi. Vita aliviandika mara chache, lakini ardhi aliiandika kila alipopumua.

Sheria ya Virginia ya mwaka 1779 ilisema aliyefanya makazi na kulima mahindi kabla ya Januari 1, 1778, ana haki ya ekari 400, na haki ya kwanza ya kununua ekari 1,000 za jirani. Ili karatasi ikamilike zilipitiwa hatua nne: kibali, kisha kuandikisha mahali unapodai, kisha kupimwa, kisha hatimiliki. Kila hatua iliacha ukurasa wake. Kuna mtu mwenye kibali bila upimaji, na mwenye upimaji bila hati. Pale anapoishia njiani ndipo pa kuuliza: alikufa, aliuza, au alishindwa kesi?

Nikueleze upimaji wenyewe unavyoonekana, maana mimi uliniweka macho usiku. Ni mchoro mdogo wa pembe nyingi, kama kipande cha kitambaa kilichokatwa bila rula. Maneno yake yanaanzia kwenye mti. Mwaloni mweupe wenye alama ya shoka, ukingoni mwa kijito fulani. Toka hapo kuelekea kaskazini fimbo kadhaa, kila fimbo kama mita tano, mpaka kwenye mjozi. Toka hapo mpaka miti miwili ya sukari iliyoota pamoja. Chini yake yanafuata majina ya waliobeba mnyororo wa kupimia na aliyetia alama miti. Mwambie mwanao asiruke majina hayo! Aliyebeba mnyororo mara nyingi ni mdogo wa mtu, shemeji, au kijana wa jirani. Ukiyaandika majina ya karatasi kumi upande mmoja wa daftari, ukoo mzima unajipanga wenyewe.

Boone naye alikuwa naibu mpima ardhi, na hapo ndipo matatizo yake yalipozidi. Hakukuwa na ramani moja kuu ya kuonyesha nani kachukua wapi. Kila mmoja alilipa apimiwe, madai yakapandana kama vigae vya paa. Niliwahi kuona jambo la namna hiyo kazini kwetu, viwanja viwili vyenye namba mbili juu ya shamba moja, na wazee wawili waliokuwa marafiki wakaacha kusalimiana hadi mmoja akafa. Kwa hiyo nikisoma kesi za Boone sisomi kama mgeni. Watu walimshitaki kwa upimaji mbaya, walimshitaki kwa madeni. Mwaka 1780 alikuwa amebeba zaidi ya dola 20,000 za majirani kwenda Virginia kununulia vibali, akaibiwa zote kwenye nyumba ya wageni alikolala. Ardhi yake Kentucky ikamponyoka kipande kwa kipande, na mwaka 1799 akahamia Missouri, wakati huo ikiwa chini ya Hispania.

Lakini kesi hizohizo zilizomfilisi ndizo zilizotuhifadhia sauti yake. Mashahidi waliitwa waseme kijito hiki kiliitwaje zamani, na nani alikipa jina. Mwaka 1796 Boone alitoa ushahidi kuhusu kijito kinachoitwa Lulbegrud, mashariki ya hapo mlipo. Akasema mwaka 1770 walipiga kambi kando ya Mto Red, yeye na wanaume watano, na walikuwa na kitabu cha safari za Gulliver cha kujiburudisha. Ndani yake mna mji wa majitu unaoitwa kwa jina la kufanana na hilo. Siku moja kijana Alexander Neely akarudi kambini akasema leo nimefika Lulbegrud nikaua majitu mawili. Kijito kikabaki na jina hilo hadi leo. Niliposoma nilimwita binti yangu jikoni aje asikie. Wanaume sita porini, ngozi za paa zimerundikwa pembeni, na mmoja anawasomea wenzake kwa mwanga wa moto, nasi tumelijua hilo kwa sababu watu wawili waligombania mpaka.

Karatasi ya pili ambayo nisingependa mwanao aikose ni barua ya Boone kwa gavana wa Virginia, Benjamin Harrison, ya Agosti 30, 1782. Siku 11 kabla, Agosti 19, wanamgambo 182 wa Kentucky waliwafuata adui, wenyeji pamoja na Waingereza, waliokuwa wamezingira ngome ya Bryan Station, jina ambalo bila shaka unaliona kwenye vibao vya barabara hapo mjini kwenu. Walipofika Blue Licks Boone alihisi mtego akashauri wasubiri kikosi cha Logan. Hakusikilizwa. Hugh McGary akavuka mto na wengine wakamfuata. Kwa dakika chache yapata watu 70 walikuwa wamekufa, Kanali Todd akiwa mmoja wao. Israel, mtoto wa Boone, alikuwa na miaka 23. Alipigwa risasi akiwa na baba yake.

Kwenye barua Boone anaeleza walivyorudi na Logan kuzika, wakakuta miili 43 uwanjani, na wengine hawakuweza kukaa kuwatafuta kwa njaa na uchovu. Anasema mgambo wote wa kaunti yake hauzidi watu 130. Anaomba watu 500. Anataja makanali waliokufa. Israel hamtaji. Nilirudi mwanzo wa barua nikidhani nimeruka mstari. Mwanao aisome barua hiyo akiwa na tarehe ya kifo cha Israel pembeni, halafu muongee.

Sasa mahali pa kwenda. Maktaba ya umma ya Lexington ina sehemu ya historia ya Kentucky, anzieni hapo, waulizeni orodha za kodi. Sensa za 1790 na 1800 za Kentucky zimepotea, hivyo orodha za kodi ndizo zinazoshika nafasi yake. Nyaraka nyingi za mwanzo za Fayette ziliungua mwaka 1803 ofisi ya karani iliposhika moto. Zilizobaki zilinakiliwa, na mtakuta sentensi zimekatika katikati. Msizijazie. Frankfort, makao makuu ya Kentucky, kuna ofisi ya ardhi, na picha za hati zake ziko kwenye intaneti bila malipo. Vyeo vya mgambo na barua kwa magavana vitafuteni kwenye maktaba ya jimbo la Virginia mjini Richmond. Madison, Wisconsin, ndiko zilikohifadhiwa karatasi za Lyman Draper, aliyetumia maisha yake kuwahoji wazee na watoto wao. Mwaka 1851 alikaa na Nathan, mtoto wa mwisho wa Boone, na mkewe Olive, akaandika kila walichosema.

Usimtafutie Boone jalada la pensheni. Alikufa 1820, na sheria iliyowafungulia wanamgambo mlango ilikuja 1832. Lakini waliokuwa chini yake na wakaishi hadi mwaka huo walisimama mbele ya mahakama za kaunti, wazee wa miaka 70 na 80, wakaapa nilizaliwa wapi, nilitumikia chini ya nani, tulivuka mto gani. Majalada hayo yako kwenye hifadhi ya taifa Washington na mengi yamepigwa picha. Ukitaka kujua afisa alikuwaje, wasikilize aliowaongoza.

SWALI: Bibi, mimi ni dereva wa malori, napita Frankfort kila wiki na kaburi la Boone nimeliona juu ya kilima. Mwenzangu wa Missouri anasema mifupa ile si yake. Kweli?
Msomaji, Louisville

JIBU: Mwenzako anarithi ugomvi wa zaidi ya miaka 170. Boone alikufa Septemba 26, 1820, nyumbani kwa Nathan huko Missouri, akazikwa karibu na mkewe Rebecca aliyetangulia mwaka 1813. Mawe ya makaburi yao yaliwekwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1845 watu wa Kentucky wakaja, wakafukua, wakazika upya Frankfort kwa sherehe kubwa. Wa Missouri wakasema mmechimba pasipo pake. Mwaka 1983 mtaalamu wa mifupa wa Kentucky aliangalia nakala ya plasta ya fuvu iliyotengenezwa mwaka ule wa 1845, akasema huenda ni la mtu mweusi. Wenzake wengine wakasema nakala ile ni duni mno kuamulia jambo kubwa hivyo. Majimbo yote mawili yanaendelea kupeleka maua. Ukipata siku, pita na Missouri, uyaone makaburi yote mawili.

SWALI: Shikamoo Bibi. Toleo lililopita ulituahidi habari za Daniel Boone. Nimefundisha historia miaka 28 na nakuuliza kwa heshima: kwa nini tumfuatilie mtu aliyeingia kwenye ardhi ya wenzake na bunduki? Wenyeji wako wapi, na watumwa wako wapi katika karatasi zako?
Mwalimu mstaafu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwalimu. Swali lako ndilo lililonifanya nisilale vizuri kule Louisville, na nitalijibu kwa karatasi.

Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alikataza walowezi kuvuka milima. Mwaka 1768 ukasainiwa mkataba ambao Wairoquois, wenyeji wa kaskazini, waliuza haki za kusini ya Mto Ohio. Washawnee, waliokuwa wakiwinda huko, hawakuwa wameuza. Machi 1775 kampuni ya Richard Henderson ikanunua eneo kubwa la Kentucky kwa baadhi ya wazee wa Kicherokee pale Sycamore Shoals, na kijana wao Dragging Canoe akapinga waziwazi. Boone alikuwa anakata njia ya kampuni hiyo na wanaume wapatao 30 wenye mashoka. Baadaye Virginia ikaufuta ununuzi ule. Si kwa kuwaonea huruma Wacherokee: ilitaka kuigawa yenyewe. Ndiyo maana nasema hati ya ekari 400 isomwe pamoja na mikataba hiyo, na mtafutaji aangalie nani hakutia alama.

Watumwa wamo. Wamo kwenye orodha za kodi kama idadi. Boone mwenyewe aliandikwa na watumwa saba mwaka 1787. Wakati mwingine wamo kwa jina moja. Usiku wa Machi 25, 1775, kambi ya wakata njia ilishambuliwa, akafa Kapteni Twitty na mtumwa wake Sam.

Na yupo Adam. Oktoba 1773 Boone alijaribu mara ya kwanza kuhamisha familia kwenda Kentucky. Kikundi kidogo kilichokuwa nyuma na ng'ombe na unga kililala kando ya kijito, ndani yake wakiwemo James Boone wa miaka 16, Henry Russell, na watumwa wawili wa baba wa Henry, walioitwa Charles na Adam. Alfajiri ya Oktoba 10 walivamiwa. Adam alijificha kwenye rundo la magogo yaliyoletwa na maji, akaona yote: James alivyomtambua mmoja wa wavamizi, Mshawnee aliyewahi kukaribishwa kwao, akamwita kwa jina akimsihi, na alivyoteswa. Charles walimchukua, wakamuua njiani. Adam alipotea msituni siku nyingi kabla ya kufika penye watu na kusema.

Kila kitabu kinachoeleza kifo cha James Boone kinaeleza alichokiona Adam. Jina lake la pili sijalikuta popote. Mama wa Lexington, kama mwanao bado hajaanza kuandika, amwekee Adam ukurasa wake.